Maji Iko

Tulicheka kwenye matanga ya Inspekta Kambale. Ninalisema mimi mwenyewe mbele kabisa, kwa sababu mutaa wetu wa Mabanga hapa Goma ni mukubwa na watu watalisema kwa namna yao. Tulikuwa tumeketi chini ya hema la bluu, mvua imekatika ila matone bado yanadondoka kwenye ukingo, wamama tumejifunga vitenge kiunoni, na katekista alikuwa anatutuliza. Ana sauti nzuri yule katekista, sauti iliyopakwa mafuta. Akasema tusilie kupita kiasi, baba yetu sasa yuko mahali pazuri, pana maji, pana mwanga, vumbi hakuna, kelele hakuna. Ndipo sauti ya musichana mumoja ikatoka kwenye viti vya nyuma, kwa upole, bila kiburi chochote: "Umeona na macho yako?" Watu waliotoka Butembo kwa ajili ya musiba walishtuka, mumoja akageuza shingo kama amepigwa jiwe. Lakini sisi wa mwaka ule hatukuweza kujizuia. Mwalimu Kavira alifunika uso kwa kitenge, mabega yakawa yanatikisika, watu wakadhani analia. Papa Didi alicheka wazi mpaka akakohoa. Nami nilicheka, machozi yakatoka, sikujua tena ni machozi ya namna gani. Yule musichana, Neema, hakutaka kumukosea mutu. Alifundishwa hivyo. Na aliyemufundisha ndiye aliyekuwa ndani ya sanduku.

Watu wanasema ujana unakuja mara moja. Mimi wa kwanza sikuuona vizuri, ulipita wakati nimeinamia mashamba ya watu. Wa pili ulinikuta na nywele nyeupe, meno ya upande mumoja yamekwenda zake, magoti yanalalamika kabla ya mvua, na ulikuja kwa mulango wa mbele, umevaa koti la kahawia. Inspekta wa mashule alisimama pale asubuhi moja akaomba chumba. Si cha kulala, cha kufanyia mikutano. Biro (ofisi) yao ya mashule ilikuwa imejaa familia zilizokimbia kutoka upande wa Rutshuru, masufuria yamepangwa kwenye ngazi, nguo zimeanikwa kwenye madirisha. Nikamuuliza, "Papa Inspekta, hata meza moja hamukuachiwa?" Akasema meza yake ipo, lakini kuna mutoto mudogo amelazwa juu yake. "Ningeweza kumuamusha, Mama Sifa. Lakini alikuwa analala vizuri." Kwa neno lile nikamupa chumba. Sikuuliza hata ni mikutano ya nini. Ningesikia tu. Nyumba yangu ni ya mbao, na ukuta wa mbao haujui kunyamaza.

Kile chumba bado kipo, ndimo ninamoandika sasa, polepole, herufi zangu zikipanda na kushuka kama njia ya kwetu. Sakafu yake ni ya mbao pia, imewekwa juu ya mawe meusi ya mulima, na mawe hayo hayakubali kulala sawa, kwa hiyo ukitembea kutoka mulangoni mpaka dirishani unasikia nyumba inakujibu: kwee, kwee. Viti vyangu vina vitambaa nilivyofuma kwa mukono. Mulango ukiwa wazi unaona chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zikipita na magunia ya viazi kutoka Kibumba, vijana wamepiga goti moja juu ya ubao, wanateremka kama watu wanaoota ndoto. Mwaka ule, saa za mchana, jua lilikuwa linaingia kwa mulango ule na kukaa kwenye meza katikati ya karatasi zao, na vumbi lilikuwa linacheza ndani ya jua. Nikiwa jikoni nyuma ya ukuta nilikuwa ninaona haya yote kwa tundu la ubao, na mara nyingine nilikuwa ninasahau chungu. Sijui niseme namna gani. Nilikuwa sijapata kamwe watu wanaofikiri ndani ya nyumba yangu. Watu walikuwa wanakuja kukula, kulala, kulia, kudai. Hawa walikuwa wanakuja kufikiri, na kufikiri kuna joto lake, kama mkate.

Watu wa mikutano walikuwa wengi siku za kwanza, kisha walipungua, wakabaki hasa wawili: Inspekta mwenyewe na Mwalimu Kavira, mama kijana wa kufundisha darasa la sita, mwembamba, anayekula huku anaandika mpaka sombe, majani ya muhogo, inaingia kwenye karatasi. Nilikuwa ninawapikia fufu na sambaza, samaki wadogo wa ziwa, siku nyingine maharagi tu. Inspekta alikuwa anakula kuanzia pembeni kuelekea katikati, taratibu, kama mutu anayelima kipande cha mwisho cha shamba. Na maneno yao yalikuwa yanapita kwenye ukuta pamoja na mvuke wa chungu. Neno la kwanza nililolishika lilikuwa "lansema". Lansema itakuwa siku gani, lansema itafanyikia wapi. Nikadhani ni kitu kinachosema. Kumbe ni Kifaransa, neno la kurusha kitu, lakini wao wanalitumia kwa ile siku ya kuanzisha jambo mbele ya watu na wakubwa na ngoma. Lakini sikuwa mbali sana, kwa sababu kile walichotaka kuanzisha kilikuwa kweli kitu kinachosema.

Acha nieleze kama nilivyoelezwa. Kulikuwa na wageni waliotaka kuleta tablete kwenye shule zote za upande wetu, zile telefoni pana kama sinia, na ndani yake mashini ya kujibu. Unaiuliza neno lolote, inakujibu. Wakubwa wa muji wanaiita IA. Lakini Inspekta hakutaka watoto wapewe mashini na kuachwa nayo. Alitaka kwanza wafundishwe ni kitu gani, inajua namna gani, inakosea namna gani, na ukiisikia unafanya nini. "Mutoto anafundishwa kuvuka barabara kabla ya kupewa kinga (baiskeli)," alikuwa anasema, na Kavira anacheka, "Papa, nani atatupa kinga?" Na wageni walikuwa wameweka sharti moja, nililisikia Kavira akilirudia kwa sauti ya chini: siku ya lansema watoto wawepo na wazazi wakubali. Wakikuta madarasa matupu, makarto yote, zile boksi za tablete, yatapakiwa tena na kupelekwa muji mwingine. Mwaka ule ulikuwa wa mwisho wa Inspekta kazini, miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba, alikuwa anaivua viatu chini ya meza akidhani sioni. Kwa miaka yote alikuwa ametembelea shule zenye madarasa bila vitabu, na hii mara ndiyo kitu kilikuwa kinakuja kweli. Kikienda, hakingerudi akiwapo.

Siku moja alileta tablete moja ya kujaribia. Akaiweka katikati ya meza, juu ya kitambaa changu, akaniita kutoka jikoni. "Mama Sifa, kuja uiulize." Nikafuta mikono. Nilisema sina swali. "Kila mutu iko na swali," Kavira akasema. "Uliza tu kitu weye unajua, tuone." Basi nikaiuliza kuhusu kijiji nilikozaliwa, kule juu ya milima ya Masisi, kijiji kidogo mpaka hata padri alikuwa anakisahau. Kavira akaandika. Mashini haikungoja hata kumeza mate. Ikajibu kwa sauti ya mwanamuke, Kiswahili cha redio, safi kabisa, kwamba kijiji hicho kinajulikana kwa muto wake, Nyalumera, wenye maji meupe, unaopita katikati ya mashamba, na asubuhi wanawake hufua nguo hapo huku ng'ombe wakinywa upande wa chini. Inspekta akaniangalia. "Muto huo iko?"

"Haiko, Papa."

"Haiko kabisa?"

"Papa Inspekta, kama tungekuwa na muto, mimi leo ningekuwa bado na shingo."

Wakacheka, kwa sababu ni kweli shingo yangu imezama kati ya mabega, na ni maji ya kubeba kichwani yaliyoizamisha. Kule kwetu kulikuwa na kisima kimoja cha matope, chini kabisa, unateremka na umande na kurudi jua limekuwa kali. Kavira hakucheka sana. Alisema, "Hiyo njo shida yake, Papa. Inajibu ata kama haijui. Na inajibu vizuri." Inspekta akagonga meza kwa kidole. "Hiyo si shida, mwalimu. Hiyo njo somo yenyewe." Na mimi, niseme ukweli, sikuwa ninawasikiliza. Nilikuwa ninauona ule muto. Nilikuwa ninaona mawe yake. Nilirudi jikoni, nikapepeta mchele ambao ulikuwa umekwisha kupepetwa, na maji meupe yanapita kwenye mikono yangu.

Ninyi munanijua, mimi ni mutu wa hadisi. Wamama wa soko wananiita kwenye arusi na kwenye matanga niwatie watu usingizi au niwaamushe, inategemea. Kwa hiyo ile mashini sikuichukia. Tuko wa kazi moja. Tofauti yetu ni hii tu: mimi kabla ya kudanganya ninakohoa. Ninasema zamani, zamani sana, sungura alikuwa na mukia murefu, na hapo mutu anajua anaingia wapi, anavua viatu mulangoni. Ile haikohoi. Inakuambia uongo kwa sauti ileile ya kukuambia saa. Nilimwambia Inspekta hivyo siku moja nikimumiminia chai, akafikiri, akasema, "Basi tufundishe batoto kuikoholea." Tulikuwa watu wa namna hiyo mwaka ule. Tulikuwa tunasema upuuzi mchana kutwa, na upuuzi ulikuwa unakaa mezani kama mugeni muheshimiwa.

Shida yetu ilikuwa jina. Wazazi wetu si watu wa Kifaransa, ungewaambia nini? Kavira alikuwa amepata kitabu kutoka upande wa mashariki, kinasema "akili mnemba". Kwa ukuta mimi nikasikia "akili nyembamba". Nikaingia na kijiko mukononi nikawauliza, "Watoto wetu munataka kuwafundisha akili nyembamba, zile nene zimeisha?" Walicheka mpaka Inspekta akatafuta leso. Lakini kesho yake waliiuliza barabara nzima ya Mabanga, na hakuna aliyejua mnemba ni nini. Wengine wakasema waseme "akili ya bandia". Kavira akakataa. Kwetu bandia ni neno la soko: batri ya bandia inakufa kesho, dawa ya bandia inakuua leo, noti ya bandia inakupeleka polisi. Basi jina likabaki bila kuamuliwa, na siku zikawa zinapita, na Inspekta kwa kuchoka akaandika tangazo lake kwa Kifaransa na kulipeleka parokia lisomwe kwenye misa ya siku ya yenga (Jumapili).

Sasa, anayesoma matangazo kwetu ni Papa Anselmi. Mutu mwema, ana miwani inayoshikwa na uzi. Papa Anselmi hasomi Kifaransa kwa watu, anakigeuza palepale, mdomo unakimbia mbele ya macho, na hajawahi kukosa neno maisha yake yote, asipolijua analitengeneza. Niliketi safu ya tatu, nimevaa kitenge cha sikukuu kwa ajili ya tangazo letu. Akamaliza ndoa, akamaliza mbuzi aliyepotea, kisha akainua karatasi ya Inspekta. Lansema. Nilimuona anasimama mbele ya neno lile kama mbele ya shimo. Akaruka. Akasema kwa sauti kubwa: "Siku ya posho (Jumamosi), kwenye mashule yetu yote, serikali na wageni watarusha akili ya bandia kwa watoto. Wazazi wote wawalete."

Watarusha. Munaelewa? Muji mwingine pengine neno lile lingepita. Sisi tunajua vitu vinavyorushwa. Vinatoka nyuma ya vilima, vinapiga mluzi, na unajilaza chini na mutoto chini yako. Kanisa zima likaanza kunong'ona. Tulipotoka nje, akili ya bandia ilikuwa imekwisha kuota miguu. Mama mumoja alisema itarushwa kwa ndege. Mwingine akasema hapana, ni sindano. Mwingine alikuwa na shemeji kwenye muji wa Kiwanja ambaye aliona mutoto aliyerushwa akili, sasa anasema Kichina. Juma ile ilipoanza, Kavira aliingia darasani akakuta viti vinamuangalia. Watoto watatu, na wa tatu ni wake mwenyewe. Alikuja kwangu saa sita, akaketi kwenye kile kiti cha dirishani bila kufungua mufuko wake. Inspekta alikuja baadaye. Hakuvua viatu. Alisema tu, "Mama Sifa, leo sina njaa," na sombe ikakauka kwenye sahani, na nje chukudu zilikuwa zinateremka, zinateremka, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mpaka leo nikiona sombe iliyokauka ninakumbuka uso wake. Alikuwa na uso wa mutu aliyefika kwenye kivuko na mutumbwi umekwisha kuondoka.

Kavira ndiye aliyesema tuwaite wazazi hapa, si shuleni, kwa sababu shuleni hawatakanyaga tena. Nikapika chai chungu kizima na bitumbura, yale maandazi ya mviringo. Walikuja, kwa sababu bitumbura zina harufu inayofika mbali. Chumba kilijaa mpaka sakafu ikaanza kuimba. Mbele kabisa aliketi Mama Riziki, muuza maharagi anayeyaleta kwa magunia kutoka Kiwanja, mwanamuke mupana, mwenye watoto kwenye shule mbili za kwetu, na mutu akimushinda kwa maneno ujue siku ile ulimi wa mama umekufa ganzi. Kwenye mulango alisimama Papa Didi. Papa Didi ni komisioneri, ndio wale watu wanaokutafutia nyumba ya kupanga, wanakuzungusha muji mzima na kukula chao katikati. Alikuwa na mutoto darasa la Kavira, yule Neema, wakati ule mudogo wa kufika kiunoni.

"Kwanza," Mama Riziki akasema, "muniambie. Munarusha na nini?"

"Mama, hatuwezi kurusha kitu," Inspekta akasema. "Papa Anselmi alikosea neno."

"Papa Anselmi alibatiza batoto yangu yote kwa kuandika majina. Hajakosea ata moja."

"Ni mashini, mama," Kavira akaingilia. "Mashini ya kujibu. Unaiuliza kitu, inakujibia."

"Na kama haijui?"

"Inakujibia tu."

"Kama haijui, inajibu?"

"Ndiyo, mama. Njo tunataka batoto bajue. Inaongea muzuri, haichoki, haikasiriki, inakuambia kila kitu iko. Ukienda kuangalia, unakuta pengine iko, pengine haiko. Haikuona. Ilisikia kwa batu, inapanga maneno, inakupa." Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika, alikuwa amechoka, mikono yake ilikuwa inachora kitu hewani. "Inakuambia maji iko, umeme iko..."

Mama Riziki aligeuka na kiti chake chote. Akanyosha mukono mpaka mulangoni. "Kumbe ni huyu!"

Papa Didi akaangalia nyuma yake. Nyuma yake kulikuwa na barabara tu.

"Weye, weye Didi! Si weye uliniambia ile nyumba ya Katindo maji iko?"

"Mama Riziki, maji ilikuwa..."

"Uliniambia maji iko, umeme iko, jirani ni watu wa sala. Niliingia na vitu yangu, bomba ikakohoa vumbi! Watu wa sala, ilikuwa ni baa!"

"Mimi mwenyewe niliambiwa na mwenye nyumba!"

"Njo hivyo! Haukuona na macho yako!"

Jamani. Ninaandika na ninacheka peke yangu. Chumba kilipasuka. Kila mutu Goma amewahi kupelekwa kwenye nyumba ya maji iko. Wakaanza kupiga kelele kila mumoja na nyumba yake, paa, choo, ukuta, na Papa Didi amesimama pale mulangoni anajitetea kwa mikono miwili, "Lakini nyumba nilikupatia! Nilikupatia ao sikukupatia?" Na Mama Riziki, kwa haki, akasema, "Ulinipatia, ndiyo. Bila weye ningelala inje. Lakini kwenda kufungua bomba, ni kazi yangu." Niliona Inspekta anainuka pole pole. Miguu yake ilikuwa inauma, ninajua, lakini aliinuka kama kijana. Akasema, "Mama, rudia." Akarudia. Inspekta akamugeukia Kavira, na Kavira alikuwa tayari amefunika mudomo kwa mukono. Jina walilolitafuta tangu masika lilikuwa limesimama mulangoni na viatu vya matope.

Hivyo ndivyo masomo yale yalivyoitwa Masomo ya Komisioneri, na mpaka leo watoto wa upande wetu wanaiita ile mashini komisioneri, hata mbele ya wakubwa. Wazazi walikula bitumbura zote. Mama Riziki aliondoka akisema wake watakuja, wote, maana mutu anayekua Goma bila kujua komisioneri atalala kwenye mawe. Papa Didi peke yake alibaki, amekasirika, anasema wamemuharibia kazi. Inspekta akamushika bega. Sikusikia alimwambia nini, ndiyo mara moja tu ukuta wangu uliniangusha. Niliona tu Papa Didi anakaza kofia, anasema, "Nivae na krawate?"

Alivaa. Siku ya posho uwanja wa shule ulikuwa umejaa mpaka watoto wamepanda juu ya mawe meusi kama njiwa. Wageni walishuka kwenye gari lao jeupe, wakaangalia wingi ule, na mumoja akaandika kitu. Jua lilikuwa laini, kuna moshi mudogo juu ya mulima, ule wa kila siku. Inspekta alikuwa na hotuba kwenye mufuko wa koti, niliiona ncha yake, hakuitoa. Aliweka kiti katikati, akamuketisha Papa Didi na krawate yake nyekundu shingoni, akawaambia watoto: "Huyu ana nyumba ya kupangisha. Mumuulize." Kisha Neema, binti yake mwenyewe, akasogea mbele.

"Papa, nyumba iko na maji?"

"Iko!" Papa Didi akasema kwa sauti yake ya kazi, akinyosha krawate.

"Iko na umeme?"

"Umeme iko, mutoto yangu. Mchana na usiku."

Neema akamuangalia baba yake vizuri, kichwa kikiwa upande. "Umeona na macho yako?"

Papa Didi alifungua mudomo. Ninafikiri alitaka kucheza muchezo kama walivyopanga. Lakini ni mutoto wake aliyemuuliza, na watu wote wanamuangalia, na kitu kikapita usoni pake. Akasema kwa sauti yake ya nyumbani, ya chini, "Hapana, mama. Niliambiwa." Uwanja ukalipuka, makofi, vigelegele, mawe yenyewe yalikuwa yanapiga kelele. Halafu Kavira akainua tablete, akaiuliza kuhusu shule ileile tuliyosimama ndani yake, na ile sauti ya mwanamuke wa redio ikasema shule hiyo ina bustani kubwa ya maua na maktaba. Watoto waliangalia mawe. Wakaangaliana. Kisha wote pamoja, kama wamefundishwa na upepo: "Umeona na macho yako?" Mutoto mumoja akapaza sauti, "Haina macho!" Na Inspekta akauliza, "Basi nani hapa iko na macho?" Mikono iliyoinuka sitaisahau. Hata wageni waliinua. Hata mimi.

Makarto yalibaki kwetu. Mambo mengine yalikuja baadaye, ya kuogopa, vilima vilisema tena, shule zilifungwa na kufunguliwa, na tablete nyingine sijui ziko wapi. Sitaki kuyaweka hapa. Mwaka ule ninauacha kama ulivyo, na jua lake kwenye meza.

Lakini kuna kitu kimoja kinabaki, na ndicho nilikuwa ninakifikiria chini ya hema la bluu wakati tunacheka. Wiki chache kabla hajaondoka nilimupelekea Inspekta sambaza, ingawa alikuwa hawezi tena kukula. Alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mchana, pazia linaingia na kutoka na upepo wa ziwa. Koti la kahawia lilikuwa kwenye musumari. Mikono yake juu ya blanketi ilikuwa imekuwa myepesi kama ya mutu mwingine. Kisha akasema, macho yamefungwa, "Mama Sifa. Ule muto wenu."

"Nyalumera?"

"Uniambie."

Nikamwambia. Niliusema wote, kwa sababu miaka hii nimeuota mara nyingi mpaka ninajua kila kona yake. Nikamwambia mawe, na wanawake wanafua wameinua nguo mpaka magotini, na namna sabuni inavyoteremka na maji kama mawingu madogo, na ng'ombe upande wa chini wananyanyua vichwa. Nikamwambia hakuna anayebeba kitu kichwani kule, shingo za watu ni ndefu. Alikuwa anasikiliza kama watoto wanavyosikiliza, mudomo wazi kidogo. Pazia likaingia, likatoka.

"Maji iko?" akauliza.

"Iko, Papa."

Nikangoja. Mutu aliyewafundisha watoto wote wa upande wetu lile swali alikuwa mbele yangu, na mimi sikuwa nimekohoa kwanza. Nilikuwa na jibu lake tayari. Aligeuza uso kidogo kuelekea dirishani, akatabasamu, wala hakuniuliza.